Nafasi ya Tatu ya Stuart Parkin

Tuzo ya Nobel ya fizikia huweza kugawanywa kwa watu watatu. Mwaka 2007 walipewa wawili, Albert Fert wa Ufaransa na Peter Grünberg wa Ujerumani, na mimi fundi wa kompyuta ninayefungua diski ngumu kila wiki bado naona Stuart Parkin alistahili kuwa wa tatu.

Wale wawili sina neno nao. Mwaka 1988 kila mmoja, kwa upande wake, aligundua kwamba tabaka za chuma na kromi zenye unene wa atomi chache hubadilisha sana ukinzani wake wa umeme zikiwekwa kwenye sumaku. Lakini tabaka hizo zilijengwa polepole kwa mitambo ya bei mbaya, na zile za Fert zilishusha ukinzani karibu nusu katika baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Kompyuta gani ya ofisini ingeweza kuishi humo?

Parkin, Mwingereza aliyesomea Cambridge, alikuwa IBM huko California tangu 1982. Alichukua njia ya haraka ya viwandani: ayoni za gesi ya argoni hugonga kipande cha metali, atomi zinachomoka na kutua juu ya kibati cha silikoni. Kwa njia hiyo aliweza kujaribu metali hii na ile, unene huu na ule, bila kungoja. Mwaka 1990 alionyesha kwamba ukiongeza unene wa tabaka la katikati kidogo kidogo, sumaku za pande mbili huelekea kinyume, kisha sambamba, kisha kinyume tena. Watafiti wa ile mitambo ya polepole wangeyaonaje hayo kwa sampuli tatu nne?

Mwaka uliofuata, pamoja na Bernard Dieny, Virgil Speriosu na wengine, walitoa muundo rahisi: tabaka moja la sumaku limefungwa lisigeuke, jingine liko huru kugeuzwa na alama ndogo ya sumaku iliyo kwenye sahani ya diski. Mwishoni mwa 1997 IBM ikauza diski ya Deskstar yenye gigabaiti 16.8, ambayo kichwa chake cha kusomea kilitumia muundo huo. Diski yake ya kwanza, ya 1956, ilikuwa na sahani 50 na kubeba takriban megabaiti 5.

Ufini ilimpa Parkin Tuzo ya Teknolojia ya Milenia mwaka 2014, na mwaka huohuo akahamia Halle, Ujerumani. Amekuwa akitafiti kumbukumbu ambayo alama zenyewe husukumwa na umeme ndani ya uzi wa sumaku, bila sahani wala kichwa cha kusomea kinachotembea. Diski nyingi ninazoletewa zikigonga ka-ka-ka, kichwa ndicho kilichokufa.