Namba tasa: kutoka mfupa wa Ishango mpaka simu zetu



Wengi tunadhani hesabu ilikuja kwetu na wazungu, pamoja na chaki. Tuangalie namba tasa, yaani zile zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu. 7 ni tasa. 9 siyo, maana 3 inaigawa.

Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba Ishango, Kivu ya Kaskazini, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward. Akapata mfupa mdogo wenye mistari ya kuchongwa, wa miaka kama 20,000. Safu moja ina mafungu manne: 11, 13, 17, 19. Hizo ndizo namba tasa zote kati ya 10 na 20! Wataalamu bado wanabishana. Alexander Marshack aliona kalenda ya mwezi. Wengine wanasema imetokea tu, maana huwezi kujua namba tasa kabla ya kujua kugawanya. Sawa, wabishane. Lakini mtu wa kwetu alikaa, akahesabu, akaweka alama ibaki. Mfupa wenyewe uko Brussels, nao ugenini kama sisi.

Baadaye Mgiriki Euclid, miaka kama 300 kabla ya Kristo, alithibitisha kwamba namba tasa haziishi. Oktoba 2024 ilitangazwa moja yenye tarakimu 41,024,320.

Zinatusaidia nini? Chukua 2 ziwe 255, zizidishe zote, halafu toa 19. Unapata namba tasa ya tarakimu 77. Daniel J. Bernstein aliipendekeza mwaka 2005 kwa kazi ya kufunga siri, na kufuli la WhatsApp linaitumia.

Kwa nini lazima iwe tasa? Chukua saa ya ukutani, ruka nne nne: 4, 8, 12, halafu unarudi 4. Namba tisa hujazikanyaga kabisa. Sasa chora saa ya namba 13, uruke vilevile: 4, 8, 12, 3, 7, 11, 2, 6, 10, 1, 5, 9, 13. Umezikanyaga zote! Kwa hiyo kwenye saa ya namba tasa hakuna kona usiyoifikia, na kila kuzidisha kuna njia ya kukurudisha ulikotoka. Simu mbili zinafanya hesabu kwenye saa kubwa ya namna hiyo, zinapata siri moja bila kutumiana siri yenyewe.

Ndiyo maana sauti unayomtumia mama Goma au Bujumbura haisikiki njiani. Lakini kufuli linalinda njia tu. Mtu akishika simu yako iliyo wazi, anasoma yote. Weka namba ya siri, na usimpe mtu yeyote ile kodi ya tarakimu sita inayokuja kwa SMS, hata akisema anatoka ofisini.

Ndugu wa mashirika, hata ninyi: orodha ya majina yetu ikishapigwa picha na kurushwa kwenye makundi, hakuna namba tasa ya kuirudisha.

Kazi ya nyumbani: chora saa ya 15 na saa ya 17, ruka sita sita. Ipi inafika kila mahali? Mtupe majibu na sababu.