Tumbo jeupe, tumbo jeusi: rangi ya kipanga kwa macho manne

Kwenye nguzo na mikaratusi ya vilima vya Butembo, mashariki mwa Kongo, hutua kipanga mwenye mkia wa rangi ya kutu, Buteo augur. Mmoja ana tumbo jeupe pepepe, mwingine ni mweusi tititi kuanzia kooni hadi miguuni. Ni jamii moja. Huoana na kulea makinda pamoja. Katika Afrika Mashariki weusi huonekana zaidi kwenye milima yenye mvua na misitu.

Mama mwenye vifaranga hana haja na rangi. Kivuli kikipita uani, anapiga kelele na kuku wanakimbilia migombani. Namwelewa, ingawa kipanga huyu anaishi hasa kwa panya, fuko na nyoka, na shamba lina deni la shukrani kwake.

Waarabu wa Ghuba, kinyume chake, humtaja kozi kwa rangi yake kwanza, na mweupe huuzwa ghali. Leo wazalishaji huchanganya kozi wa nchi za barafu na wa nyika ili kuupata weupe huo. Huko rangi za ndege wanaofugwa zinabadilika kwa nguvu ya soko.

Watu wa makumbusho walikuja na bunduki na daftari. Herbert Lang na James Chapin walizunguka Kongo kuanzia 1909 hadi 1915, na Chapin akaandika juzuu nne kuhusu ndege wa nchi hiyo kati ya 1932 na 1954. Kazi kubwa, naiheshimu. Lakini mkusanyaji huchukua anachokipata, tena huvutiwa na kilicho adimu. Kabati lililojaa ngozi halisemi weusi walikuwa wangapi kati ya mia.

Hilo hujibiwa na wanaorudi palepale kila mwaka. Huko Finland, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba katika jamii moja ya bundi wenye rangi mbili, wa kahawia walikuwa wakiongezeka tangu miaka ya 1960: theluji ilipopungua, wa kijivu hawakuwa tena na faida waliyokuwa nayo. Cape Town nako, kipanga mweusi-mweupe, Accipiter melanoleucus, ana kundi ambalo zaidi ya robo tatu ni weusi, wakati kwingineko Afrika Kusini weupe ndio wengi. Rasi yenye mji huo hunyeshewa wakati ndege hao wanazaa, na watafiti waliona weusi wakiwinda vizuri zaidi chini ya mawingu, weupe kwenye mwanga mkali.

Kwa hiyo swali letu liko wazi: misitu ikikatwa na vilima vikibaki na mwanga mwingi, je, matumbo meusi yatapungua? Ili kulijibu, mtu angehesabu ndege kando ya barabara ya Butembo hadi Beni, kilomita zipatazo 54, inayoshuka kutoka zaidi ya mita 1,700 hadi karibu 1,100. Lakini kwa kuwa vita vimefunga misitu mingi ya Beni, hesabu inaweza kuanzia vilima vya mjini Butembo, vilevile kila mwaka, bila kuwachanganya wakubwa na wachanga, ambao mkia wao bado ni wa kahawia wenye mistari.