Farasi Aliyejua Hesabu

Twawaletea habari za mwalimu mmoja na mwanafunzi wake. Mwalimu ni Bwana Wilhelm von Osten wa Berlin, katika Ujerumani, aliyefundisha hesabu shuleni hata akastaafu. Mwanafunzi ni farasi, jina lake Hans.

Miaka kama minne mzee huyo alimfundisha Hans uani kwa ubao na tarakimu, kwa subira kama ya kufundisha watoto, akimtuza karoti na mkate. Hata mwisho farasi akiulizwa, "Tano na tatu ni ngapi?" alipiga kwato chini mara nane, kisha akatulia. Watu wakafurika kumtazama, wala mzee hakumtoza mtu hata senti moja.

Mwaka 1904 likaundwa baraza la watu 13 kuchungua kama pana hila, mkuu wao akiwa Carl Stumpf, mwanachuoni wa elimu ya nafsi. Hawakuona hila yo yote, nao walisema kweli, kwani mzee hakumdanganya mtu.

Ndipo Oskar Pfungst, mwanafunzi wa Stumpf, alipojaribu njia nyingine. Aliweka mwulizaji asiyejua jibu mwenyewe: Hans akakosa karibu kila mara. Akamzuia farasi asimwone mwulizaji: akakosa tena. Basi Pfungst akaacha kumtazama farasi, akawatazama watu. Akaona ya kuwa mtu akiisha kuuliza huinama kidogo kuangalia kwato. Hesabu ikitimia, kichwa chake huinuka pasipo yeye kujua, labda kadiri ya unene wa ukucha. Hapo Hans husimama. Hata Pfungst mwenyewe, ingawa ameijua siri, hakuweza kukituliza kichwa chake.

Sisi tulio walimu jambo hili latugusa. Mara ngapi mtoto husimama mbele yetu akisema, "Sita... saba...", macho yake usoni petu, mpaka tutabasamu? Nasi twaandika kwamba amefahamu.

Pfungst alitoa kitabu chake mwaka 1907. Von Osten hakukubali. Alikasirika, akakataza farasi wake asijaribiwe tena. Alikufa mwaka 1909, na Hans akachukuliwa na Karl Krall, mfanya biashara wa Elberfeld, aliyeanza kuwafundisha hesabu farasi wengine.