Kutoka mfongo hadi mkopo: historia ya fedha za ujuzi Kilimanjaro

Alfajiri, katika soko la Mbuyuni mjini Moshi, mama aliyeteremka na gari la kwanza kutoka Uru anapanga mikungu yake ya mshare juu ya gunia. Hajauza hata kichane kimoja, mkusanya ushuru ameshafika na mashine yake ya POS. Mashine inatoa kikaratasi cheupe. Mama anakikunja mara mbili na kukifunga kwenye pindo la khanga, pamoja na nauli ya kurudia.

Pesa aliyolipa haiishii pale. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mapato ya ndani ndiyo hayo: ushuru wa masoko, kodi za vibanda, leseni za biashara. Kikundi cha vijana kinaponunua mashine ya kuchomelea kwa mkopo wa manispaa, sehemu ya mkopo huo imetoka kwenye pindo la khanga ya mama muuza ndizi.

Tumezoea kuziita fedha hizi "fedha za serikali", na cha serikali wengi wetu hukiona hakina mwenyewe. Lakini ukifuatilia jinsi vijana wa Mlima Kilimanjaro walivyofundishwa kazi tangu zama za mababu, utakuta mwenyewe alikuwepo kila mara. Alipofuatilia fedha yake, ilizaa. Alipoipa kisogo, ilipotea.

Mivukuto na mifongo

Kabla ya mfuko wowote wa serikali, ujuzi ulikuwa na utaratibu wake. Kule Mamba, wahunzi walifua mikuki na majembe kwa chuma kilichotoka Ugweno, upande wa Upare. Kijana alianza kwa kuvukuta mivukuto, siku nenda siku rudi, akimtazama mkubwa wake anavyogeuza chuma motoni, hadi siku aliyoaminiwa kushika nyundo. Ada yake ilikuwa jasho lake.

Shule nyingine ilikuwa mfongo, mfereji unaochepusha maji ya mto kutoka juu, karibu na msitu, na kuyateremsha hadi vihambani, kwenye mashamba ya migomba ya familia. Aliyeuchimba alipima mteremko kwa jicho tu. Kuutunza ilikuwa kazi ya wote: siku ya kusafisha, kila kaya iliyonywesha kwa mfongo ule ilitoa mtu na jembe lake, na asiyetokea alitozwa faini. Maji yalikwenda kwa zamu. Wa juu alijua kwamba akiyazuia, migomba ya wa chini itakauka, na kwamba wa chini anajua nyumba yake ilipo.

"Nimesomeshwa na kahawa"

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na kahawa ya Wachagga ikapata njia ya kwenda bandarini. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, KNPA, Joseph Merinyo akiwa rais wake wa kwanza. Mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Mkulima alipopeleka kahawa yake kwenye chama cha msingi, sehemu ya thamani yake ilibaki kwa ajili ya mambo ya wote. Ushirika ulijenga shule na kuwalipia vijana masomo, hata ng'ambo. Hadi leo, ukikaa na wazee wa Machame au Kibosho, utamsikia mmoja akisema, "Mimi nimesomeshwa na kahawa." Hasemi amesomeshwa na serikali. Anajua shina lililomlipia ada, na pengine analipogolea hadi sasa.

Serikali ya kikoloni ilichelewa kuwekeza kwenye mafundi. Shule ya ufundi ya Ifunda, Iringa, ilianza mwaka 1951, na ya Moshi ikafuata mwaka 1957. Hiyo ndiyo shule ambayo vizazi vya wanafunzi vimeiita kwa fahari "Moshi Technical". Kwa kijana wa mlimani, kutengewa meza ya ufundi yenye jiliwa, na mwalimu wa kumkosoa, lilikuwa jambo jipya.

Baada ya Uhuru mwendo uliongezeka. Mwaka 1963 kilianzishwa Chuo cha Ushirika Moshi, ambacho tangu 2014 ni chuo kikuu kamili. Shirika la SIDO liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973 ili kulea viwanda vidogo, na mwaka 1974 ikatungwa sheria ya mafunzo ya ufundi. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, kikiwemo cha Msinga, Moshi Vijijini. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ilikuja kwa sheria ya mwaka 1994, ikiwa na chanzo chake cha fedha: tozo ya kuendeleza ujuzi, inayolipwa na waajiri kwa kukokotoa mishahara ya wafanyakazi wao. Hapa pia fedha ilikuwa na mwenyewe. Lakini kwa miaka mingi theluthi moja tu ya tozo hiyo ndiyo iliyokwenda VETA, na waajiri hawakuacha kulalamika. Tozo yenyewe imeshuka kutoka asilimia 6 hadi 3.5.

Funzo la Chekereni

Kama kuna mahali historia hii inaonekana kwa macho, ni tambarare ya chini ya mji, kuelekea Chekereni na Mabogini. Huko, kwa fedha za Japani na serikali yetu, ulijengwa mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987, ukiwa na hekta zipatazo 1,100 za mpunga. Wakulima walifundishwa kusawazisha majaruba, kupanda kwa mstari na kupima mbolea. Mavuno yakapanda hadi zaidi ya tani 6 kwa hekta. Mwaka 1994 kikaanza chuo cha mafunzo ya kilimo, KATC, ambacho kimefundisha wakulima na mabwana shamba wa mikoa mingi.

Kisha ujuzi ukavuka mpaka wa mradi. Wakulima wa upande wa juu, waliokuwa nje ya mpango, waliona majirani wanavyopata, wakaiga. Walilima mpunga kwa maji ya mito ileile ya Rau na Njoro, na waliolengwa na mradi wakaanza kukosa maji. Mafunzo yalifaulu kuliko ilivyotarajiwa, lakini utaratibu wa kugawana ulikuwa umeachwa nyuma. Mababu walioweka zamu kwenye mfongo walikuwa wamelimaliza suala hilo zamani.

Mikopo: maji yasiyorudi

Mwaka 1993/94 serikali ilianzisha Mfuko wa Maendeleo ya Vijana na ule wa wanawake, na halmashauri zikatakiwa kuchangia asilimia 10 ya mapato yao. Kwa miaka mingi hilo lilikuwa agizo tu: halmashauri iliyotaka ilitenga, isiyotaka ilitoa sababu. Mwaka 2006 ikaja mikopo iliyoitwa mitaani "mabilioni ya JK", kwa jina la Rais Jakaya Kikwete. Jina hilo peke yake lilifanya madhara, kwa sababu fedha iliyopewa jina la mkubwa watu waliipokea kama zawadi, na zawadi hairudishwi.

Mwaka 2018 asilimia 10 iliwekwa kwenye sheria. Fedha zikatoka kwa wingi, na matatizo nayo yakafuata. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zilionyesha mabilioni yasiyorejeshwa na vikundi hewa, na Aprili 2023 serikali ikasitisha utoaji. Mikopo ilirejea mwaka 2024 kwa kanuni mpya, na halmashauri 10 zilichaguliwa kujaribu kuitoa kupitia benki. Mojawapo ni Siha, kwenye mteremko wa magharibi wa Kilimanjaro.

Pembeni ya mikopo, kuna fedha ambazo kijana harudishi kwa shilingi. Chini ya programu ya taifa ya kukuza ujuzi, iliyoanza mwaka 2016/17, serikali huwalipia vijana ada ya uanagenzi. Programu hiyo pia humpima fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti. Fundi seremala aliyeanza kwa kufagia maranda ya bosi wake anaitwa, anapewa mbao na vipimo, anaunga kiungo mbele ya mtahini. Namna ya wahunzi wa Mamba ya kujifunza kwa kukaa karibu na anayejua hatimaye imetambuliwa na dola.

Orodha ibandikwe sokoni

Kikundi cha watu 5 kinachochukua mkopo na kuugawana hujitetea kwamba "ni hela ya serikali". Ningetamani wanachama wake wasimame Mbuyuni alfajiri moja, waone mashine ya POS ikipita kwenye mafungu ya nyanya na mikungu ya ndizi. Kila rejesho lisilorudi ni kikundi kingine kilichopanga foleni na kukosa. Pengine ni cha binti wa yule mama, aliyemaliza ushonaji na hana cherehani.

Orodha ya waliokopeshwa, kiasi walichochukua na walichorejesha isiishie kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji, ambako haisomwi na mtu. Ibandikwe penye lango la soko la Mbuyuni, la Kiboriloni, la Mwika, ambako ushuru unakusanywa. Kwenye mfongo, kila mtu alimjua aliyekosa siku ya kusafisha. Mama akifunga kikaratasi chake kwenye pindo la khanga, ainue macho asome shilingi yake ilikokwenda, na kama imerudi.