Fluoresensi ya madini na visukuku

Fluoresensi ni hali ya kitu kufyonza mionzi ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho, na papo hapo kutoa nuru inayoonekana. Jina hilo lilibuniwa mwaka 1852 na mwanafizikia George Gabriel Stokes kutokana na floriti, madini ambayo baadhi yake hung'aa buluu. Nuru inayodumu baada ya taa kuzimwa huitwa fosforesensi.

Mara nyingi kinachowaka ni chembe za elementi ngeni zilizojipenyeza katika madini. Manganizi hutia kalsiti rangi ya chungwa au nyekundu. Kromi huwasha wekundu wa rubi, zikiwemo za Longido, Tanzania, zinazopatikana ndani ya zoisiti ya kijani. Chuma kikizidi, mng'aro hufifia au kuzimika. Ndiyo maana kalsiti za machimbo mawili huweza kutofautiana kabisa, na si busara kutambua jiwe kwa rangi hiyo peke yake.

Hakuna mahali palipotia fora kama Franklin na Sterling Hill, jimbo la New Jersey, Marekani. Chini ya mawimbi mafupi ya urujuanimno, ya nanomita 254, wilemaiti ya huko hutoa kijani kikali, na kalsiti inayoizunguka huwaka nyekundu. Ni miongoni mwa mandhari za kupendeza mno katika elimu ya madini. Lakini mng'aro huo ulikuwa pia nyenzo ya kazi migodini. Wilemaiti ni mbale ya zinki, hivyo mwanga wa urujuanimno ulionyesha kama kuna zinki iliyoachwa katika makapi. Mgodi wa Franklin ulifungwa mwaka 1954, wa Sterling Hill mwaka 1986.

Kwa visukuku, manufaa ni makubwa zaidi. Katika mawe ya chokaa ya Solnhofen, Ujerumani, yenye umri wa takriban miaka milioni 150, mifupa yenye fosfeti hujitenga waziwazi na mwamba. Picha za urujuanimno za mtafiti Helmut Tischlinger zimefichua hata mabaki ya tishu laini za pterosauri, reptilia warukao wa kale, ambayo mwanga wa kawaida hauyaonyeshi. Gundi na rangi za viraka nazo hung'aa tofauti na mfupa, na kisukuku cha kughushi huumbuka.

Mawimbi mafupi huunguza macho, hivyo miwani ya kinga ni lazima. Kioo cha kawaida huyazuia. Sampuli iliyo ndani ya kabati la vioo haitayapata kutoka taa iliyo nje.