Sifa Mbele ya Nomino

Mtoto wa Kangari, kwenye mashamba ya chai ya Murang'a, husema kwa Kikuyu "nyũmba nene njerũ": nomino kwanza, sifa baadaye, kama Kiswahili. Kiingereza humgeuzia mambo: "big white house", ukubwa ukitangulia rangi. Katika kulinganisha, Kikuyu hutumia "gũkĩra", yaani kupita. Kiingereza huongeza kiambishi kwenye sifa fupi: "big", "bigger", "biggest".

Wazazi wa Kikuyu walikitaka Kiingereza hicho mapema shuleni. Baada ya mgogoro na wamisionari mwaka 1929, Wakikuyu walijenga shule huru za kukifundisha, na mwaka 1939 wakafungua chuo cha walimu Githunguri.

Hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni mwaka 1952 ilifunga nyingi za shule hizo. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza jinsi wanafunzi, baada ya hapo, walivyochapwa kwa kusema Kikuyu shuleni. Huko hakukuwa kufundisha sarufi, ilikuwa dhuluma.