Paa Lisilo na Tandiko

Mwite fundi wa Hirbadaw, kule Hanang, umwombe akutajie vifaa vya kupaulia nyumba ya vyumba vitatu. Hatahitaji kufikiri. Mbao za mbili kwa nne za kenchi, papi za mbili kwa mbili, fishabodi za kuziba ncha, bati (hapo atakuuliza geji ngapi), kofia za kufunika mgongo, misumari ya kawaida na misumari ya bati. Atakutajia na ujira wake, kisha orodha itapelekwa dukani Katesh ikapigiwe hesabu.

Kuna kitu hakimo katika orodha hiyo. Ni lile tabaka la mbao zilizobanana, au la ubao mpana wa plaiwudi, linalofunika kenchi zote kabla bati halijapanda. Marekani na Ulaya ya kaskazini tabaka hilo ni la kawaida kwa nyumba nyingi, na mjenzi wa huko akiliruka pale linapotakiwa mkaguzi atamrudisha juu ya ngazi. Kwetu fundi haliweki, mteja haliulizi, duka halina bei yake. Nami nashuku kwamba sababu mojawapo ni kwamba halina jina.

Si kwamba Kiswahili ni maskini wa maneno ya paa. Tuna kuezeka na kinyume chake kuezua, kitenzi ambacho magazeti hukitoa kabatini kila msimu wa mvua: upepo umeezua madarasa, upepo umeezua zahanati. Tuna kupaua. Tuna boma, yaani kuta zilizosimama zikisubiri paa, na vijiji vingi vya Tanzania vina boma la darasa lililojengwa kwa nguvu za wananchi likikaa wazi hadi bati litoke halmashauri. Kenchi tuliichukua kwa maseremala wenye asili ya Bara Hindi, ambako neno lake ni mkasi, na ukizitazama mbao mbili zilivyokutana juu huna haja ya maelezo. Paa lenyewe lina jina lenye kejeli, maana likifungwa vibaya hupaa kwelikweli.

Wamarekani hulipa tabaka hilo jina lilelile la sakafu ya juu ya meli. Jina hilo tunalo tayari, ila liliingia kwa mlango mwingine, wa mabaharia na ndoo: deki. Mwambie fundi aweke deki juu ya kenchi, atakuuliza nani atapanda huko kusugua.

Cha ajabu ni kwamba watu wa pwani walikuwa nalo tabaka hili kwa karne nyingi. Katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja, boriti za mikoko zililazwa zikikaribiana kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake vikapangwa vipande vya matumbawe, kisha chokaa na kokoto vikamwagwa na kupondwa hadi vikashikana. Huo ndio uliokuwa mfuniko wa chumba cha chini na mahali pa kukanyaga kwa walio juu. Neno lake tulilikopa kwa Waarabu, ambao kwao saqf ni paa au dari. Sisi tukaliita sakafu, na mwishowe likashuka hadi miguuni likabaki huko. Leo mtoto wa shule ukimwonyesha juu ukasema sakafu atakucheka.

Wa bara nao hawakulala. Tembe, nyumba ya paa bapa la udongo, ilijengwa na Wagogo, Warangi, Wanyaturu na Wairaqw wa Mbulu. Mtembezi akifika Kwihara karibu na Tabora huonyeshwa tembe ambamo Livingstone na Stanley walikaa pamoja mwaka 1872. Wairaqw, katika kitovu chao cha zamani milimani Mbulu, walichimba nyumba ikaingia nusu ubavuni mwa kilima, hata adui akipita kwa mbali aone kilima tu. Paa la nyasi lingewaka kwa kijinga kimoja. La udongo haliwaki.

Nataka tulitazame paa hilo kwa karibu, kwa sababu ndilo jibu la swali letu. Kwanza nguzo zenye panda. Juu ya panda hulazwa magogo, na juu ya magogo fito nyingi zilizobanana kiasi kwamba mkono haupiti. Juu ya fito nyasi au majani, ili vumbi lisianguke chunguni. Kisha udongo, unamwagwa kidogokidogo na kukanyagwa, ukiachiwa mteremko kidogo wa kutoa maji. Moshi wa mekoni hupanda ukakausha miti na kuwasumbua wadudu. Paa likikamilika hubeba watu na nafaka iliyoanikwa, huzuia jua la mchana na kushikilia joto la usiku. Lina kazi, sikatai: udongo hupasuka wakati wa kiangazi, na mvua ya kwanza ikikuta nyufa hazijazibwa mtalala mkihamisha vitanda. Lakini zile fito zilizobanana ndizo tabaka lenyewe tunalolitafutia jina.

Bati lilipokuja, liliondoa udongo na nyasi kwa haki, maana lilikuwa jepesi na halivuji. Likaziondoa na fito, na hapo ndipo ninapolalamika. Papi zikabaki zimeachana, na kati ya papi na papi kuna hewa tupu na karatasi ya chuma. Karatasi, nasema, kwa kuwa namba za geji huenda kinyume na mawazo ya mnunuzi: geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28. Ile ya 28 haifiki hata nusu milimita. Wengi hununua namba kubwa wakidhani wamenunua unene.

Mlima Hanang una zaidi ya mita 3,400, na chini yake upande wa Basotu ni tambarare lililofunguliwa kwa mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Kanada miaka ya 1970. Katika uwazi wa namna hiyo upepo hauna wa kuuuliza unakwenda wapi. Ukiingia kupitia dirishani au chini ya ukingo wa paa, husukuma bati kutoka ndani, huku ule unaopita juu ukilivuta. Bati hung'oka msumari mmojammoja kwenye papi, au papi yenyewe hung'oka kwenye kenchi. Tabaka la mbao lingeziba uwazi kati ya papi, lingezishika kenchi zisilale upande mmoja, na msumari ungepata pa kuuma popote unapopigiliwa. Usiku wa Julai, bati likipoa, pumzi za waliolala hugeuka matone chini yake na kudondokea blanketi. Na mvua ya mawe ikinyesha juu ya darasa, mwalimu huweka chaki chini akasubiri.

Sisemi kila mwenye bati anunue plaiwudi. Bei yake ni ya kutisha, na plaiwudi isiyo na hewa chini yake huoza, achilia mbali mchwa. Kwa nyumba ya kawaida, papi zilizokaribiana, mbao zilizotiwa dawa na kenchi zilizofungwa kwa waya hadi kwenye linta zitakufikisha mbali. Ila wapo wanaonunua vigae vya lami, vile laini vinavyofanana na magamba, wakampa fundi aliyezoea papi. Vigae hivyo havina nguvu ya kujibeba. Bila ubao mzima chini yake, pamoja na karatasi ya kuzuia maji, vitalegea na kubonyea, na lawama atapewa muuzaji.

Jina ninalopendekeza ni tandiko. Watu wa Hanang wanamjua punda: habebeshwi mzigo mgongo mtupu, hutandikwa kwanza. Neno lina kitenzi chake tayari, na fundi anaweza kusema "tumeshatandika, kesho tunaezeka" bila kujiuma ulimi. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, limesanifu istilahi nyingi, lakini za ujenzi huishi au kufa juu ya ngazi, mdomoni mwa mtu aliyeuma misumari. Mafundi wakija na neno lao, nitaacha langu.

Nawe unayejiandaa kupaua kiangazi hiki, muulize fundi wako kitakaa nini kati ya papi na bati. Jibu lolote atakalokupa, liandike kwenye orodha, na mbele yake uandike bei.